Somo: Sauti ya mtoto ndani ya simu, namna ya kuizuia na kuifuta

Korosho zikishalipwa, maduka ya simu hapa Mtwara mjini hujaa wazazi. Wengi humnunulia mtoto simu au saa ya kupigia, hasa anayebaki kwa bibi yake Newala au Tandahimba. Vifaa hivyo vina maikrofoni, na mara nyingi sauti inayorekodiwa husafirishwa hadi kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia, za kampuni. Mwaka 2017 rekodi zaidi ya milioni 2 za CloudPets, wanasesere wanaounganishwa na intaneti, sauti za watoto na wazazi wao, zilikutwa wazi mtandaoni.

Hatua ya 1. Fungua Mipangilio, ingia Faragha, tafuta ruhusa za Maikrofoni. Mchezo wa magari hauna haja ya kumsikia mwanao; uzuie. Kuanzia Android 12, alama ya kijani hutokea juu ya kioo programu inapotumia maikrofoni. Mfundishe mtoto kuiangalia.

Hatua ya 2. Futa yaliyokwisha kuhifadhiwa. Wengi huishia hatua ya kwanza, na hilo linanisikitisha, kwa sababu kuzima maikrofoni leo hakugusi sauti za jana. Ingia kwenye akaunti, futa rekodi, kisha iandikie kampuni na utunze nakala ya ombi lako. Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani, ikidaiwa kulimbikiza sauti za watoto zilizonaswa na Alexa, msaidizi wake wa sauti, na kutotekeleza ipasavyo maombi ya wazazi ya kuzifuta.

Hatua ya 3. Ijue haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukipuuzwa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

MASWALI

Swali: Hujambo mwanangu. Nalea mjukuu hapa Nachingwea. Mama yake kamletea saa, anatusikiliza akiwa Dar bila hata kuita. Ni sawa?

Jibu: Shikamoo bibi. Si sawa. Mama ana wasiwasi na mwanawe, namwelewa, lakini saa hiyo inawanasa pia mwalimu darasani na majirani wanaokuja kukaa nawe barazani, na hao hawajaulizwa. Ujerumani ilipiga marufuku saa za aina hiyo Novemba 2017, ilipobainika kuwa wazazi wanasikiliza hadi vipindi vya shule. Mwambie azime usikilizaji huo, abaki na kupiga na kuona mtoto alipo.

Swali: Kaka, mwanangu wa miaka 8 anatumia simu yangu ya zamani yenye akaunti yangu. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, dada. Kampuni inamhesabu kuwa mtu mzima, hivyo ulinzi wa watoto haumfikii. Futa kila kitu kwenye simu, umfungulie akaunti ya mtoto kupitia Family Link, huduma ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, na programu uziidhinishe wewe.

Swali: Shule inawarekodi wakisoma na kurusha kwenye kundi la wazazi.

Jibu: Uliza kwa barua: nani anatunza rekodi, kwa muda gani, na aliyekataa mtoto wake asirekodiwe anafanyiwaje.