Hane, khana, kana: namna ya kusoma kibao bila kujua lugha yake

Wadogo zangu wa Kariakoo wanaoanza kufuata mzigo wa nguo Istanbul huniuliza wajifunze Kituruki kiasi gani. Nawaambia waanze na kipande kimoja tu, "hane". Kitawafikisha duka la dawa, hospitali na posta kabla hawajajua hata kusalimia, na wakihamia Mumbai kitawafaa vilevile.

Maana yake ni nyumba, na asili yake ni Uajemi. Katika Kiajemi cha zama za Wasasani (224–651) kilikuwa "khanag". Baadaye g ikadondoka, na leo mtu wa Tehran atakwambia "khaneh". Waajemi hukipachika nyuma ya neno lingine, nalo likawa jengo au mahali: ketab ni kitabu, ketabkhaneh ni maktaba.

Basi ukiona kibao, anzia mkiani. Ukishaupata mkia, rudi kwenye kichwa, na hapo Mswahili ana bahati, kwa sababu vichwa vingi ni vya Kiarabu na nusu yake tunavijua. Kütüphane: kutub, vitabu. Postane haina haja ya kuelezwa. Hastane: hasta ni mgonjwa. Eczane: ecza ni dawa, na hiki ndicho kibao utakachokihitaji usiku tumbo likichafuka. Angalia kwamba mara nyingine Waturuki wanaimeza ile h ya katikati. Hastane zamani iliandikwa hastahane. Kwa hiyo usitafute "hane" peke yake, "ane" pia inatosha. Waosmani, watawala wa zamani wa Uturuki, walikipeleka mpaka Ulaya: Serbia wana kafana, Bulgaria wana mehana, yaani kilabu cha pombe.

India kilipita mlango mwingine. Kiajemi kilikuwa lugha ya dola ya Mughal, iliyotawala India kabla ya Waingereza, na Waingereza nao waliendelea kukitumia ofisini mpaka 1837. Ndiyo maana mkia huu umejaa kwenye mambo ya serikali na kazi: dakkhana ni posta, jelkhana ni jela, karkhana ni kiwanda. Davakhana utaisoma mwenyewe.

Hapo India kuna mtego. Khana pia ni chakula, neno jingine kabisa lenye asili ya Kisanskriti. Kwa Kiurdu yanaandikwa kwa herufi tofauti, lakini kwa sikio la mgeni ni yale yale. Kanuni yangu: likiganda nyuma ya neno lingine, ni nyumba, likisimama peke yake, kaa ule. Kibao cha "ghar ka khana" kinatangaza chakula cha nyumbani, na hapo nyumba ni ghar, sio khana! Yule Khan wa majina ya watu naye mwache, ni cheo cha Waturuki na Wamongolia.

Usiamini kichwa kupita kiasi pia. Ghahvekhaneh ya Iran ni nyumba ya kahawa kwa jina. Ukikaa utaletewa chai. Rudkhaneh haina mlango wala paa, ni mto. Tophane ya Istanbul ni mtaa, ingawa jina linakumbusha kiwanda cha mizinga cha Waosmani.

Ukitaka kufanya mazoezi kabla ya safari, huna haja ya pasipoti. Karakana ni karkhana hiyohiyo: kar ni kazi, nasi tukalainisha kh na kuongeza irabu katikati. Jamatkhana ya Waismailia ni nyumba ya jamaa, ya jumuiya. Gymkhana ya Dar, wanakocheza gofu, ndiyo ngumu. Kwa Kihindustani inasemekana ilikuwa gend-khana, nyumba ya mpira, Waingereza wakaibadilisha kichwa kifanane na jimnastiki. Hiyo ukiikata kwa kanuni yangu utapata mkia wa Kiajemi na kichwa cha Kizungu.