Barua na vifurushi vifike kijijini salama: tunavyofanya sisi, hatua kwa hatua

Huu ni mwaka wa 11 duka langu, kijijini huku wilaya ya Mbinga, linafanya kazi ya posta. Barua zinaishia mjini kwenye masanduku, vifurushi vinashushwa na basi, mimi navifuata, navipokea na kuvigawa.

Nilianza kwa kuumia. Mwaka wa kwanza binti wa jirani alitumiwa simu na kaka yake kutoka Dar es Salaam. Boksi lilifika zima, solotepu imekaa vizuri juu. Mama yake alipolifungua pale kaunta, ndani mlikuwa na vipande viwili vya mche wa sabuni vimeviringishwa kwenye gazeti. Tukaligeuza. Chini palikuwa pamechanwa kwa wembe, sawasawa na mkunjo wa boksi, kisha pakabandikwa solotepu mpya juu ya ile ya zamani. Ofisi ya basi mjini wakasema lilifika hivyo hivyo. Songea wakasema walilipokea hivyo hivyo. Karatasi ya kuonyesha, hakuna aliyekuwa nayo, na yule binti alirudi shule bila simu.

Tangu siku hiyo nalinda sehemu moja kuliko zote: pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo.

Hatua ya 1: Sanduku la posta lenye mwenyewe

Vijiji vingi barua zetu zinapitia sanduku la shule, la parokia au la ofisi ya kijiji. Si vibaya, lakini uliza: nani ana ufunguo, na anakwenda mjini siku gani? Kama watu watatu wana ufunguo na hakuna daftari, barua ikipotea hutajua uanzie wapi.

Sisi tulichanga familia saba tukakodi sanduku letu. Ada inalipwa kwa mwaka. Wekeni tarehe ya kulipia ukutani, maana sanduku lisilolipiwa hufungwa na barua zinaanza kurudi zilikotoka. Mkipewa sanduku lililokuwa la mtu mwingine, ombeni kitasa kibadilishwe siku hiyo hiyo. Ufunguo ushikwe na mtu mmoja, na wa akiba uwekwe kwa mwingine anayeaminika.

Hatua ya 2: Anwani

Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si jina la nyumbani. Mtu anayeitwa Mama Neema kijijini kote, dirishani hawamjui. Halafu S.L.P. na mji. Ongeza postikodi ya kata yenu, tarakimu 5. Kama nyumba yako ilipata namba wakati wa zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, itaje pia. Ila usidhani namba ya nyumba itamleta mtu wa posta mlangoni. Huku kwetu barua bado inaishia sandukuni.

Hatua ya 3: Cha kutuma na cha kutotuma

Fedha taslimu usitie kwenye bahasha wala kwenye boksi la nguo. Tuma kwa simu.

Cheti halisi cha shule usikitume kama ofisi haijakidai kwa maandishi. Tuma nakala iliyothibitishwa na wakili au mahakama. Kama lazima kiende chenyewe, kiende kwa rejesta (barua inayoandikishwa posta) au EMS (huduma ya haraka ya posta), na kipige picha mbele na nyuma kwanza.

Barua ya kawaida haina namba ya kufuatilia. Rejesta, EMS na vifurushi vya posta vya kimataifa vina namba yenye herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ilikotumwa. Iliyotumwa Tanzania inaishia TZ. Vitabu ambavyo parokia hutumiwa kutoka Ujerumani namba zake zinaishia DE. Mwambie anayekutumia akusomee namba nzima kwenye simu, uiandike, kisha umsomee wewe tena.

Hatua ya 4: Kufunga, kupima, kupiga picha

Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka.

Funga boksi juu na chini. Pitisha solotepu kuzunguka pande zote, kisha chukua kalamu ya wino usiofutika uandike jina lako kwa kukatisha, nusu ya herufi iwe juu ya solotepu na nusu juu ya boksi. Fanya hivyo juu, na chini pia. Mtu akiifungua na kubandika nyingine, herufi hazitakutana tena.

Baada ya hapo weka mzigo kwenye mizani. Mizani ya dukani ya kupimia sukari inatosha. Uandike uzito juu ya boksi, kwa mfano kilo 2.3, na umtumie mpokeaji uzito huo kwa ujumbe wa simu. Ile simu iliyogeuka sabuni ingegundulika Songea kama kila aliyeipokea angekuwa na uzito wa kulinganisha. Malizia kwa picha nne: juu, chini, na pande mbili.

Nje ya boksi usiandike "simu" wala "dawa". Lakini kwa wakala sema ukweli wa kilichomo na thamani yake, na uhakikishe vimeandikwa kwenye risiti. Risiti nyingi za mabasi zina maandishi madogo yanayosema kampuni haihusiki na mali isiyotajwa. Yasome kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya 5: Basi

Usimpe konda mzigo barabarani kwa kuelewana tu. Najua ni rahisi na ni haraka, na wengi wao ni waaminifu. Siku mzigo ukipotea, huna pa kushika. Peleka ofisini na uchukue risiti. Kisha mtumie mpokeaji vitu vinne: namba ya risiti, namba za gari, saa ya kuondoka, na neno la siri mlilokubaliana ninyi wawili.

Akipiga mtu kusema mzigo umefika na anataka "hela ya kuutolea" kwa simu, muulize neno hilo. Hata akilitaja, malipo yoyote yafanyike dirishani kwa risiti.

Hatua ya 6: Kupokea

Pima na ukague kabla ya kusaini. Ukiona solotepu juu ya nyingine au uzito umepungua, usibebe. Omba ufunguliwe hapo hapo mbele ya mhudumu, na hali yake iandikwe kwenye karatasi yao. Ukimtuma bodaboda akuchukulie, piga picha yake akiwa na mzigo na namba za pikipiki zikionekana.

Kwangu kila mzigo unaingia kwenye daftari: tarehe, jina, namba ya mzigo, uzito, aliyeleta, aliyechukua, sahihi. Asiyeandika anaweka dole gumba. Kuna mzee mmoja alikuja akaniambia, "Mwanangu, mimi barua ya mwanangu nasaini ya nini?" Nikamjibu, "Baba, unasaini ili nami kesho nisiseme nilikupa wakati sikukupa." Sasa yeye ndiye anawakumbusha wengine.

Hatua ya 7: Mzigo ukipotea

Usikae ukisubiri miezi. Kwa mizigo ya posta ya kimataifa, taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinatoa miezi 6 ya kuulizia, na kwa kawaida aliyetuma ndiye anayefungua madai kule alikotumia. Mwambie mapema, naye asitupe risiti.

Mzigo wa ndani, andika barua kwa meneja ukiambatisha nakala ya risiti, picha na uzito. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au usiporidhika, peleka malalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayosimamia posta na wasafirishaji wa vifurushi na vipeto. Penye dalili ya wizi, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi) kwanza, maana kila ofisi itaiulizia.

Hatua ya 8: Visivyochukuliwa

Siku ya gulio nabandika mlangoni majina ya wenye barua. Majina tu, si mtumaji wala kilichomo. Jumapili katibu wa parokia anayasoma baada ya misa. Baada ya siku 30, barua isiyo na mwenyewe naiandika "hakupatikana" na kuirudisha posta mjini, nayo naiandika kwenye daftari na karani ananisainia.