Somo: Mtoto mwenye jeraha la kutia shaka, zamu iko mikononi mwako (Uganda)

"Mtoto kaletwa na jeraha la kutia shaka, nifanyeje?" Swali hili linarudi humu kila mara, tena mara nyingi mtoto akiwa ameshaondoka kituo cha afya. Hifadhini hili.

1. Tibu kwanza.

2. Kagua mwili mzima, si pale mlezi alipoonyesha tu. Mpime na uzito. Mtoto asiyetambaa bado hana pa kupatia alama za damu kuvilia. Chini ya miaka 4, alama za masikio, shingo na kiwiliwili zikutie shaka kuliko za magoti. Maji ya moto yakimwagika huchoma ovyoovyo. Mtoto aliyetumbukizwa huungua miguu yote miwili kwa mpaka ulionyooka, kama soksi.

3. Maelezo. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Mhoji mlezi peke yake na mtoto peke yake, mwenzenu mmoja akiwepo. Uliza, "Ilikuwaje?" USIULIZE, "Baba ndiye aliyekupiga?" Ukimtilia maneno mdomoni, mahakamani ushahidi wake utayumba. Andika alichosema kwa lugha aliyoisema, iwe Kiswahili, Luganda au Lugbara, ndani ya alama za kunukuu. Usiandike "amepigwa" kama hukuona. Andika ukubwa wa alama, rangi, mahali, na saa aliyofikishwa. Maelezo yakibadilika, andika yote mawili. Wala usimkaripie mlezi: atamchukua mtoto, na hutamwona tena.

4. Akiwa amenajisiwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Zisisubiri fomu ya polisi 3A, ile ya uchunguzi wa aliyenajisiwa. Asiogeshwe kabla ya kupimwa.

5. Toa taarifa polisi au kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Simu 116 ni ya bure. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inakutaka uripoti ukiwa na sababu za msingi. Kuthibitisha si kazi yako.

MASWALI

— Kwa hiyo kila aliyeanguka nimpeleke polisi?
Sijasema hivyo. Soma hatua ya 2 na ya 3.

— Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ni ndugu wa mtuhumiwa, anataka wayamalize nyumbani.
Mpite. Nenda kitengo cha polisi cha familia na watoto, au piga 116. Unajisi haumalizwi kwa mbuzi.

— Mtoto wa wiki mbili ana doa la buluu makalioni. Mama anasema amezaliwa nalo. Nimwamini?
Swali zuri sana, sista. Madoa hayo ni ya kawaida kwa watoto wetu: hayaumi, hayavimbi, na hayageuki rangi siku hadi siku kama damu iliyovilia. Mwangalie tena baada ya siku chache. Likiwa vilevile, lichore kwenye kadi yake ya afya, asije mama huyo akashukiwa bure kituo kingine.

— Na ebiino, yale "meno mabovu" ambayo wang'oaji wa kienyeji huyachimba kwenye fizi za watoto wachanga? Mtoto kaletwa na homa, fizi zimechimbwa.
Tibu maambukizi haraka, anaweza kufa kwa sumu ya damu. Ni madhara makubwa, yaandike kikamilifu. Ila mama wengi hufika kwa mng'oaji wakitafuta tiba ya kuhara, kwa hiyo keti naye: mwonyeshe kwamba lile "jino bovu" ni chipukizi la jino la kawaida, mfundishe kuchanganya ORS (chumvi na sukari za kunywa mtoto akihara). Halafu muulize nani aling'oa. Huyo ana watoto wengine kwenye foleni, naye ndiye wa kuripotiwa kwanza.