SOMO: Kutuma kisa cha jinai kwa majarida madogo ya mtandaoni (someni lote kabla ya kuniuliza)

Wandugu, juma hili peke yake watu watano wameniandikia pembeni: "Yaya, visa vyako wanavichapisha wapi, na mimi nitume?" Wa tano alinikuta ndani ya basi natoka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, mega za intaneti zimebakia kidogo, nikamjibu neno moja na akakasirika. Bon. Leo naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamtumia somo hili bila salamu.

Naongea juu ya visa vifupi vya jinai, polari za kurasa tatu nne, na majarida madogo ya mtandaoni ambayo mtu mmoja au wawili wanayaendesha usiku baada ya kazi yao ya mchana. Riwaya siongelei. Mashindano siongelei. Mimi ni deklaran wa forodha, si profesa. Visa kumi na kimoja vimetoka, vilivyokataliwa niliacha kuhesabu vilipofika sitini.

Hatua ya 1. Maliza kisa. Ndiyo, kuna watu wanatuma nusu na kusema "nyingine inakuja".

Hatua ya 2. Kiache siku kumi, kisha kisome kwa sauti. Wakati wa delestaji, umeme ukikatwa, unafaa sana, hakuna televizyo ya jirani.

Hatua ya 3. Tafuta jarida. Kuna orodha ya bure mtandaoni, The Submission Grinder: unachuja kwa aina ya kisa, urefu na malipo, inakuonyesha nani yuko wazi na nani amefunga. Duotrope inafanya kazi ileile lakini ni ya kulipia. Ukipata jina, soma visa vitatu vya jarida lenyewe kabla ya kutuma. Vitatu, si kimoja. Shotgun Honey kwa mfano wanataka kisa kisichozidi maneno 700. Ukiwapelekea 2,000 hujawapa kisa, umewapa kazi ya kufuta barua. Na Ellery Queen's Mystery Magazine, linalotoka tangu 1941, si jarida dogo. Tuma ukitaka, foleni yake ni ya namna nyingine.

Hatua ya 4. Hesabu maneno katika lugha utakayotuma. Majarida mengi ya aina hii yanasoma Kiingereza. Mimi naandika kwa Kiswahili kwanza, ndiyo lugha ambayo watu wangu wanaulia na kudanganyia, halafu nageuza kwa Kiingereza nilichookota kwa madereva wa Zambia mpakani, mwishoni binamu yangu mwalimu ananisahihishia. Sasa angalieni: "sikumwambia" ni neno moja. Kiingereza kinataka maneno matano kusema jambo hilohilo. Kisa changu cha maneno 640 kiligeuka 900 na kitu, ikabidi nimtoe mhusika mmoja kabisa, mpishi wa hoteli, na nilikuwa nampenda. Siku hizi nikilenga 700 naishia 500 kwa Kiswahili.

Hatua ya 5. USIKIWEKE POPOTE KABLA YA KUTUMA.

Hapa ndipo nilipoungulia, kwa hiyo someni polepole. Nilikuwa na kisa cha dereva wa roli aliyefika mpakani na maiti ya mwenye mzigo chini ya turubai. Nilikipenda mno. Jumapili moja nikakiweka Facebook kwa Kiswahili. Rafiki wa Kitwe akasema hasomi Kiswahili chetu, basi nikamwekea na ile ya Kiingereza palepale chini. Watu wakasifu wee. Miezi mitatu baadaye nikakituma, kikakubaliwa, nikanunua michopo, nyama ya kuchoma, kwa watu sita. Mhariri akaandika tena: kisa hiki kimewahi kutoka mahali pengine? Nikajibu hapana, kwa moyo safi, maana kichwani kwangu Facebook si gazeti, ni kibarazani. Yeye akachukua sentensi yangu ya kwanza, akaitafuta mtandaoni, ikamletea ukurasa wangu na picha yangu nacheka. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari miwili. Nikafuta kila kitu, nikamwandikia nimefuta. Hakujibu. Baadaye nikaona mtu alikwisha kukinakili kwenye blogu yake, bila jina langu, kwa hiyo hata kufuta kwangu kulikuwa bure.

Wanachonunua, au wanachopewa bure, ni haki ya kuwa wa kwanza kukichapisha. Haki hiyo unayo mara moja. Ukishaiweka mahali pa wazi umeitumia mwenyewe. Blogu, Wattpad, chaneli ya WhatsApp, ukurasa wa kwaya yenu: vyote ni kuchapisha. Kikundi kilichofungwa cha watu wanaosahihishana, wahariri wengi hawana neno nacho, ila soma masharti yao. Kama toleo la Kiswahili limetoka na la Kiingereza bado, liseme wazi kwenye barua, mhariri ataamua. Kama kimekwisha kutoka kabisa, tafuta jarida linalopokea marudio, yaani visa vilivyokwisha kutoka kwingine, na useme hivyo kwenye mstari wa kwanza. Ila usikane. Kukiweka wazi kulinipotezea kisa kimoja. Kukana, hata kwa kutojua, kulinifungia mlango wa yule mhariri hadi leo.

Hatua ya 6. Times New Roman 12, mistari iliyoachana, fayili ya docx au rtf, isipokuwa wenyewe wamesema vingine. Wakisema wanasoma bila kujua mwandishi, toa jina lako ndani ya fayili NA kwenye jina la fayili.

Hatua ya 7. Barua ya kusindikiza ni mistari mitatu: jina la kisa, idadi ya maneno, wewe ni nani. Usiwasimulie kisa. Usiwaambie mama yako alilia.

Hatua ya 8. Angalia saa, kama wameweka siku ya mwisho kwa saa ya kwao. Lubumbashi tuko masaa saba mbele ya New York wakati wa baridi yao, sita wakati wa joto. Kinshasa wako saa moja nyuma yetu, na simu yangu iliwahi kushika saa ya Kinshasa siku tatu bila mimi kujua. Andika kwenye daftari: kisa, jarida, tarehe. Wakikataza kutuma kisa kimoja kwa wengi pamoja, tii. Wakiruhusu na mmoja akikubali, waandikie wengine siku hiyohiyo.

Hatua ya 9. Mkataba. Tafuta maneno mawili: "muda gani" na "haki zipi". Ukiona haki zote, milele, usitie sahihi, uliza. Wahariri wengi wadogo walinakili mkataba wa mtu na wanaubadilisha bila kelele.

MASWALI

Mwana Katuba: Yaya aksanti. Sasa nitume wapi?

Jibu: Hatua ya 3.

Mwana Katuba: Nilisoma lakini majina ni machache. Tupe kumi basi.

Jibu: Nikikupa kumi leo, kabla ya Noeli mawili matatu yatakuwa yamefungwa. Majarida haya yanakufa anayeyaendesha akipata mtoto au akichoka. Thuglit lilikuwa na jina kubwa kwa wapenzi wa jinai, likafunga 2016. Ndiyo maana nimekupa orodha inayojisahihisha.

Mtu wa Kamalondo: Wanalipa ngapi? Nataka kujua kama mtu anaweza kuacha kazi.

Jibu: Usiache kazi. Wengine hawalipi kitu, wengine wanalipa cha kunywea. Kisa kilichonilipa vizuri kuliko vyote kilinunua mfuko wa unga na kuku wawili. Na uulize njia ya malipo kabla ya kutia sahihi, si baada. Anayekuomba WEWE ulipe ili akuchapishe, funga ukurasa.

Dada wa Ruashi: Samahani Yaya, mimi ndiyo naanza. Polisi wangu wanaongea kama wa filamu za Marekani, nikijaribu kuwafanya wa kwetu naogopa msomaji wa mbali hataelewa. Unafanyaje?

Jibu: Dada, swali hili ndilo nilitaka. Ondoa sherifu, ondoa baraza la wazee wa mahakama kumi na wawili, kwetu halipo. Weka OPJ, ofisa wa polisi anayepeleleza, na karatasi zake za kaboni, weka majistra wa parke, mwendesha mashtaka, ambaye hajafika. Halafu chukua Katiba ya 2006, kifungu cha 18: gardavu, kuzuiliwa polisi, haipiti masaa 48, yakiisha, mtu aachiwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka. Unaona? Hiyo ni saa ya ukutani umepewa bure. OPJ anajua mshukiwa ni yeye, ushahidi hana, na ni Ijumaa jioni. Msomaji wa Chicago hahitaji kujua sheria yetu, anahitaji kusikia saa ikienda. Eleza neno moja, mara moja, kwa tendo. Mimi niliandika "wakampeleka Kasapa", mhariri akaniuliza ni mahali gani, mwenzake alitafuta akakuta univerzite. Sisi tunajua Kasapa ni gereza na ni kampasi pia. Nikaongeza mlango wa chuma na mke wake amesimama nje na sahani ya bukari, ugali wetu, imefunikwa. Basi, hakuuliza tena.

Etudia wa Droit: Naweza kumwomba roboti wa akili bandia aniandikie halafu nirekebishe majina?

Jibu: Hapana.

Etudia wa Droit: Lakini watajuaje?

Jibu: Mwezi wa pili 2023 Clarkesworld, jarida la visa vya sayansi, lilisimamisha kupokea kwa sababu ya furiko la vitu kama hivyo. Tangu hapo masharti ya majarida mengi yana mstari juu yake, na ukituma unatia sahihi kwamba umeandika mwenyewe. Wewe unasoma sheria, malizia mwenyewe.

Mfua Shaba: Somo lako hatua ya 5 si kweli. Mimi niliweka Wattpad na bado walichukua.

Jibu: Hongera. Basi jarida lako linapokea marudio, au hawakutafuta. Ya kupokea marudio niliandika kwamba yapo, soma hadi mwisho wa aya. Sikusema hatua ya 5 ni sheria ya Musa, nilisema mimi iliniunguza.

Mwalimu wa Likasi: Mwanangu, jambo. Nimesoma kwa furaha. Swali la mzee: kwa nini tuhangaike na Kiingereza? Kiswahili hakifai kwa upelelezi?

Jibu: Jambo sana Mwalimu. Kinafaa, na kimefaa zamani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa kisa cha mpelelezi wake Bwana Msa, kikatoka kitabu 1960, mwaka uleule Wakongo tulipopandisha bendera. Tatizo si lugha, ni mlango: majarida ya visa vifupi vya jinai yanayosoma Kiswahili ni haba. Mimi nikiona moja nitaacha kumsumbua binamu. Kama wewe na walimu wenzako mnaanzisha la kwenu, hata la kurasa nne, nitakuletea kisa cha kwanza bila kuuliza malipo.

Mwalimu wa Likasi: Nitaongea nao. Kuna mmoja anajua kompyuta.

Mtu wa Kamalondo: Nina kisa cha kweli cha patro fulani, tajiri mwenye kazi yake, hapa mjini, kila mtu anakijua. Niweke jina lake?

Jibu: Unataka gazeti au kesi? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 74, inashika anayemtupia mtu jambo la kumharibia jina. Badilisha jina, kazi, gari, mtaa, idadi ya wake. Kama baada ya hapo kisa kimekufa, hakikuwa kisa, yalikuwa masengenyo.

Dada wa Ruashi: Yaya, ukiwa na nafasi, tuonyeshe sentensi moja ya kwanza uliyoitengeneza.

Jibu: Ya mwaka huu. Mwanzo niliandika: "Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi inauma, jua linachomoza taratibu juu ya terili." Terili yetu, ule mlima wa takataka za shaba, inaonekana vizuri mle, lakini hakuna anayefanya kitu. Nikaenda chini hadi nikamkuta mtu wa kwanza mwenye shida, ilikuwa aya ya tatu. Yote ya juu nikafuta. Sasa inaanza: "Zamu alikuta depo imefungwa kufuli kwa ndani." Zamu ni mlinzi wa usiku, analala nje. Ndani hakutakiwa kuwa na mtu.

Mwana Katuba: Hii imenisaidia kuliko majina kumi. Mimi naandika kwenye simu, fayili zinapotea. Kuna dawa?

Jibu: Kila jioni jitumie barua pepe, fayili ndani, tarehe kwenye jina. Mega unazokula ni kidogo kuliko picha moja. Na usiandike ndani ya kisanduku cha jarida lenyewe, umeme ukikatika unabaki na salamu tu.

Dada wa Ruashi: Ile kufuli, nani aliifunga?

Jibu: Dada, kisa hicho kiko mezani kwa mhariri tangu tarehe 3. Hatua ya 5.