SOMO: Kuipa kasi JIT ya emuleta (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, JIT ni ile sehemu ya emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) inayotafsiri amri za mashine inayoigwa kuwa amri za mashine yako wakati wa kuendesha. Kila wiki naulizwa: "JIT yangu inafanya kazi ila ni nzito, nitumie amri zipi za mashine?" Jibu ni lilelile. Uzito hauko kwenye amri mojamoja, uko kwenye kazi inayorudiwa bila sababu mpakani mwa bloku (kipande cha amri mfululizo kinachotafsiriwa kwa pamoja). Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Pima kwanza. Kwenye Linux, JIT yako iandike faili la /tmp/perf-PID.map (PID ni namba ya mchakato; ndani yake anwani, ukubwa, jina), na perf, zana ya kupima kasi, itakuonyesha bloku zako kwa majina.

Hatua ya 2. Rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa). Tuseme unaiga prosesa ya 6502: ina A, X, Y na SP, basi zipe rejista za kudumu. Kama prosesa ya mashine yako ni ARM64, chagua kati ya x19 na x28, kwa sababu fungsheni za C huzirudisha kama zilivyozikuta. x18 usiiguse, kuna mifumo inayoitumia yenyewe.

Hatua ya 3. Bendera (biti za hali za prosesa). Chukua LDA (pakia A), CMP (linganisha), BNE (ruka kama si sawa). LDA inaweka bendera N (hasi) na Z (sifuri), halafu CMP inaziandika upya kabla hazijasomwa na yeyote. Kwa hiyo ipitie bloku kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ukijua kila bendera inahitajika wapi. Isiyosomwa usiizalishie msimbo. Mwishoni mwa bloku chukulia kwamba zote zinahitajika.

Hatua ya 4. Kuunganisha bloku. Hapa ndipo kasi ilipo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Bloku ikiishia kwenye mruko wa anwani inayojulikana, usirudi kwa msambazaji akutafutie bloku inayofuata. Badilisha mruko wenyewe uende moja kwa moja.

Angalizo la kwanza: kila bloku ipunguze hesabu ya saikeli (mapigo ya prosesa) na itoke hesabu ikishuka chini ya sifuri. Bila hivyo, bloku iliyounganishwa na nafsi yake haitatoka milele na hakuna interapti (ombi la kukatiza kazi) itakayopokelewa.

La pili: kila bloku iwe na orodha ya miruko inayoiingia. Programu ikiandika juu ya msimbo wake, unaifuata orodha na kuikata miruko yote. Ukibakiza mmoja tu, utaendesha bloku iliyokwisha kufa.

La tatu, kwa wa ARM64: ulichoandika kiko kwenye kache (kumbukumbu ya haraka) ya data, na kache ya amri haina habari nacho. Safisha kache ya data, batilisha kache ya amri, weka vizuizi, malizia na ISB (amri inayoilazimisha prosesa isome upya amri zinazofuata). Kwenye kompaila za GCC na Clang, __builtin___clear_cache hufanya yote hayo. Iite hata ukibadilisha mruko mmoja wa baiti 4. Ukiisahau, programu huenda ikapita salama ndani ya kitatuzi na kuanguka nje yake, tena kila mara mahali tofauti.

Hatua ya 5. Mruko wa kawaida wa ARM64 hufika MB 128 kila upande. Eneo lako la msimbo lisizidi hapo.

---

bitimoja: Mkuu nimefuata zote, gemu linaganda mwanzoni. Msaada.

Mwandishi: Hesabu ya saikeli umeiweka?

bitimoja: Bado, hiyo niliiruka.

Mwandishi: Basi hukufuata zote. Hatua ya 4, angalizo la kwanza.

rejista_tupu: Kwa nini kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD) sijawahi kufuta kache na mambo yanakwenda?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kwenye x86 maunzi yenyewe hufuatilia maandishi yanayogusa msimbo na kuilinganisha kache ya amri. ARM iliiachia programu kazi hiyo. Lakini usijiamini kupita kiasi: hata kwenye x86, kubadilisha msimbo ambao kiini (core) kingine kinauendesha wakati huohuo kuna sheria zake. Na kwenye ARM64, ukizalisha msimbo kwenye uzi (thread) mmoja na kuuendesha kwenye mwingine, uzi unaoendesha nao unahitaji ISB yake.

pointa: Kufuta kache si kutapunguza kasi? Mimi naona ni hiari.

Mwandishi: Si hiari. Unaunganisha mara moja, unaendesha mara milioni. Gharama iko wapi?

dada_bloku: Nyongeza kwa wanaoandika kitanzi cha kufuta kache wenyewe: msisome ukubwa wa mstari wa kache mara moja na kuuhifadhi. Kuna prosesa zenye viini vikubwa vya mstari wa baiti 128 na vidogo vya 64. Uzi ukihamia kiini kidogo, unaruka nusu ya mistari.

Mwandishi: Asante dada, hili ni la dhahabu. Na anayetumia ramani mbili za kumbukumbu, moja ya kuandika na moja ya kuendesha: safisha data kwa anwani ya kuandika, batilisha amri kwa anwani ya kuendesha.

bitimoja: Imetembea mkuu! Sasa sauti inakatika.

Mwandishi: Safi. Bloku zako zina amri ngapi kwa wastani? Lete ripoti ya perf tuone.