Somo: Kupima uchafuzi wa vijidudu kwenye dawa ya sindano kwa elektroforesisi ya kapilari

Kipimo cha famakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) cha kuhakiki kwamba dawa ya sindano haina vijidudu huchukua siku 14: sampuli huingizwa kwenye vimiminika vya kuoteshea, kisha huangaliwa kama vitatibuka. Dawa ya mionzi ya FDG (sukari ya kupigia picha za PET) yenye florini-18, ambayo nusu-uhai wake ni dakika 110, huwa imeshatumika zamani kabla jibu halijatoka. Elektroforesisi ya kapilari, yaani kusukuma sampuli kwa umeme ndani ya mrija mwembamba sana, ni ya haraka zaidi: njia hii, iliyotokana na kazi ya kundi la Daniel Armstrong nchini Marekani, hutoa jibu ndani ya robo saa hivi baada ya kuwasha umeme.

Msingi wake ni CTAB, sabuni yenye chaji chanya. Hupaka ukuta wa kapilari, maji yakageuza mwelekeo na kutiririka kuelekea anodi (ncha chanya). Hupaka pia seli za vijidudu, ambazo kwa asili zina chaji hasi, nazo zikaanza kurudi nyuma kuelekea katodi (ncha hasi). Huko nyuma hukutana na kizuizi kinachozinyang'anya mwendo, zikarundikana pamoja. Rundo hilo ndilo unalolisoma kama mnara mmoja mwembamba.

1. Bafa (mmumunyo unaotuliza pH). Kwenye lita 1 ya maji safi weka TRIS mg 121 na asidi ya sitriki isiyo na maji mg 63. pH itakuwa karibu 7. Chukua ml 100 uongeze CTAB g 0.1. Iliyobaki ibaki bila CTAB. Chuja zote kwa kichujio cha mikromita 0.22.

CTAB huganda chini ya nyuzi 25 hivi. Chumba chenye kiyoyozi kikali kitakupa fuwele, na fuwele zikipita mbele ya leza hutoa vilele vya uongo. Ukiona chenga chini ya chupa, ipashe moto kidogo mpaka ziyeyuke.

2. Kapilari. Kioo cha silika, kipenyo cha ndani mikromita 100, urefu sm 30, detekta ikiwa sm 20 kutoka mdomo wa kuingizia. Ikiwa mpya, isafishe kwa NaOH 0.1 M dakika 10, maji dakika 5, kisha bafa yenye CTAB dakika 10. Usiisafishe kamwe kwa SDS (sabuni yenye chaji hasi): ikikutana na CTAB hufanya mashapo.

3. Sampuli. Zungusha ml 10 kwenye sentrifuji kwa 3,000 g dakika 10, mwaga maji ya juu, ongeza ml 1 ya bafa isiyo na CTAB pamoja na rangi ya BacLight Green (nanomola 100). Acha gizani dakika 15. Zungusha tena, mwaga, maliza kwa mikrolita 100 za bafa hiyo hiyo. Usiruke huku kuosha. Dawa iliyo kwenye salini ya asilimia 0.9 ina chumvi zaidi ya mara 100 ya bafa yako. Nguvu ya umeme ndani ya sampuli huporomoka na seli hazitoki.

4. Kuingiza. Kwa shinikizo la psi 0.5: sampuli sekunde 6 (karibu sm 2), bafa isiyo na CTAB sekunde 3, mwisho kizuizi sekunde 3. Kizuizi ni mchuzi wa virutubisho wa kawaida, g 8 kwa lita, uliochujwa. Mpangilio usibadilike.

5. Kuendesha. Kilovolti 2, upande wa kuingizia ukiwa hasi, leza nm 488, usomaji karibu nm 520. Vichupa viwili vya bafa yenye CTAB, kimoja kila mwisho wa kapilari, viwe na kina sawa: tofauti ya sm 1 tu husogeza maji karibu mm 6 kwa dakika. Mkondo wa umeme ukishuka hadi sifuri, kuna povu. Sukuma bafa uanze upya.

Kila siku endesha pia bafa tupu iliyopitia rangi na kuoshwa vilevile, na sampuli uliyoitia *E. coli* kwa makusudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sijaona mnara. Niandike dawa ni salama?
Hapana, ndugu. Sm 2 za kapilari hii zinabeba mikrolita 0.157 tu. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau seli moja imeingia, unahitaji wastani wa seli 3, yaani takriban 19,000 kwa ml. Ukikoleza mara 100 kama hapo juu, ni karibu 190 kwa ml ya dawa ya awali, hata kama hakuna seli iliyopotea njiani. Kutokuona mnara kunazungumzia kile kilichoingia ndani ya mrija, si chupa nzima. Ukitaka kushuka zaidi, anza na ujazo mkubwa na urudie kuingiza mara kadhaa.

Dawa imepita kwenye otoklevu lakini mnara upo. Kwa nini?
Rangi hii hushika seli hai na zilizokufa. Thibitisha kwa kuotesha. Kama mnara upo hata kwenye bafa tupu, uchafu uko kwenye bafa au mchuzi wako.

Na chembe sugu (spora) za bakteria wa *Bacillus*?
Ganda lao huzuia rangi, kwa hiyo huweza kupita bila kuonekana. Kwa dawa zenye hatari hiyo, kipimo cha siku 14 lazima kiendelee sambamba.

Napata vilele vingi badala ya kimoja.
Seli hazijarundikana. Tengeneza kizuizi kipya, ongeza muda wake hadi sekunde 4, na hakiki kwamba kipande cha bafa katikati hakikusahaulika.