Kumjenga mhusika wa kuchekesha atakayekulisha miaka mingi

Kichekesho hufa kikizoeleka. Mhusika akizoeleka ndiyo kwanza anapendwa. Watazamaji wa Mzee Majuto walijua fika atafanya nini kabla hajafungua mlango, na bado walimsubiri aufungue. Majuto, jina lake halisi Amri Athuman, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, hakuhitaji kichekesho kipya kila wiki. Alikuwa na mzee mmoja mwenye tamaa, mwepesi wa hasira, mjanja wa hila ndogo ndogo zinazomrudia mwenyewe. Kwa upande wa Kenya, Benson Wanjau alimbeba Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi kwenye runinga ya KBC kwa namna hiyo hiyo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kumjenga mtu wa aina hiyo, awe wa jukwaani, wa runinga au wa klipu za simu.

Anza na anachokitaka

Wengi huanza na sauti ya puani, meno ya bandia na suruali iliyopandishwa hadi kifuani. Dakika mbili za kwanza watu wanacheka. Ya tatu ikifika, mwigizaji hana tena cha kufanya, kwa sababu vazi halina haja yoyote linayoitafuta.

Chukua daftari uandike sentensi tatu: mhusika anataka nini kila siku, anaficha nini, na anamwogopa nani. Tuseme ni mzee anayetaka kuheshimiwa mtaani, anaficha kwamba kodi ya nyumba imemshinda, na anamwogopa mkewe. Mweke msibani, dukani kwa Mpemba, kwenye kikao cha harusi au kituo cha polisi, utajua mara moja atakaa wapi na atamsalimia nani kwanza. Sasa andika matukio kumi ya mahali tofauti, mstari mmoja mmoja. Ukikwama kwenye la nne, anachokitaka bado hakijakaa sawa. Mara nyingi kinakuwa kipana mno. "Anataka utajiri" haichezeki. "Anataka kula bila kulipa" inachezeka, kwa kuwa inaonekana kwa macho, mikono na mahali anaposimama chakula kinapopakuliwa.

Salamu peke yake ni mgodi. Mzee mwenye njaa ya heshima atahesabu shikamoo zote alizopewa tangu asubuhi, na atamrudisha kijana aliyepita bila kumwamkia. Sasa mfanye kijana huyo awe anamdai mzee pesa, halafu tazama: je, mzee ataitaka shikamoo yake au atajificha nyuma ya mlango? Tukio zima limezaliwa na salamu moja, bila mzaha wowote ulioandikwa.

Jambo moja lisivunjwe kamwe: mhusika hajui kwamba anachekesha. Kwake, deni la shilingi mia tano ni jambo la kufa na kupona. Mwigizaji akitabasamu mwishoni mwa sentensi, au akiitupia kamera jicho kuuliza "mmeipata?", amevunja uhusika, na mtazamaji anaacha kumtazama mzee, anamtazama mtu anayeomba kuchekewa.

Mwili, sauti na lafudhi

Chagua kiungo kimoja kinachotangulia anapotembea: kidevu, kifua, tumbo au magoti. Kimoja tu. Ukivitanguliza vyote, mwendo unakuwa wa katuni, na huwezi kuurudia vilevile kesho. Jizoeze ndani ya shughuli za kweli, kama kuchota maji, kuvaa viatu au kupanda ngazi, maana kutembea mbele ya kioo hakukufundishi mzee huyu anainama vipi. Kabla hujaamua, utembee mwendo huo nusu saa bila kupumzika. Mwendo wa magoti yaliyokunjwa na mgongo uliopinda hupendeza kwenye mazoezi, lakini siku ya kurekodi kwa saa nane kiuno kitakataa, na kwenye picha za jioni mzee atakuwa amenyooka bila wewe kujua.

Sauti ijaribiwe hivyo hivyo. Soma gazeti kwa sauti ya mhusika dakika 20, siku tatu mfululizo. Ukiamka siku ya pili koo limekwaruza, sauti hiyo unaibana kooni na itakuharibia kazi. Usimlazimishe mhusika akwaruze. Badilisha kasi yake, mahali anapovuta pumzi, na neno analolivuta. Mzee anayepumua katikati ya neno anaonekana mzee kuliko anayekoroma. Siku ya kazi kunywa maji kidogo kidogo, na uache kukohoa ili kusafisha koo, kwa sababu ndiko kunakolichubua zaidi.

Lafudhi ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Wanjau hakuwa Mjaluo, lakini lafudhi ya Ojwang iliwakaa watu masikioni hata wengi wakaamini ndiyo yake ya kuzaliwa. Haiji kwa kukisia. Msikilize mzungumzaji halisi akiongea mambo yake kwa saa nzima, kisha chukua sauti tatu na miundo miwili ya sentensi, basi. Kwa mfano, Kijaluo hakina "sh", kwa hiyo "shamba" hutamkwa "samba". Wazungumzaji wengi wa Kikuyu huchanganya "l" na "r", na kalamu ikageuka karamu: mtu anaomba kalamu, mwenzake anaanza kuulizia wali. Hapo lafudhi imezaa mkanganyiko wa maana, na mkanganyiko unasukuma tukio mbele. Lafudhi isiyosukuma chochote ni kelele tu.

Tanzania Bara utani wa makabila una wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mambo wanayoambiana, hata msibani, mtu baki hawezi kuyasema. Mwandishi akiujua mpaka huo, anaweza kumpa mhusika mtani wake na kumwacha aseme mengi. Asiyeujua ataona watazamaji wananuna. Kanuni inayofaa pande zote ni kwamba kosa liwe la mtu: huyu mzee ndiye bahili, si kabila lake.

Mavazi na vifaa

Tafuta vazi moja litakalotambulika hata kwa kivuli: koti kubwa, baraghashia iliyopinda, miwani mikubwa, bakora. Nunua au shona nakala mbili zilizofanana, moja ya kuvaa na moja ya akiba, kwa sababu ukimwagiwa chai kwenye teki (rekodi moja ya tukio) ya kwanza hutakuwa na nguo ya teki ya pili.

Mvi za poda ya watoto huonekana sawa dakika kumi za mwanzo. Jasho likija, poda inageuka uji kwenye paji la uso, na inayodondoka hubaki mabegani. Tumia rangi nyeupe ya usoni inayooshwa kwa maji, paka kidogo kwa mswaki mkuukuu ukifuata nywele zinakolala, ukianzia juu ya masikio na kwenye nyusi. Tumbo la mto uliofungwa kwa khanga huteremka mwigizaji akikimbia, kwa hiyo shonea sponji ndani ya fulana inayobana. Viatu vikizidi mguu kwa namba mbili hubadilisha mwendo bila jitihada, mradi ujaze kitambaa kwenye ncha usianguke. Miwani itolewe vioo, la sivyo taa zitang'aa humo na macho, ambayo ndiyo yanayofanya kazi kubwa, hayataonekana.

Sentensi iishie wapi

Kiswahili kinakuruhusu kuhamisha vipande vya sentensi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapopotezea kicheko. Linganisha: "Ameuza kitanda cha mkwewe jana sokoni," na, "Jana sokoni ameuza kitanda. Cha mkwewe." Maneno ni yale yale. Katika ya kwanza, mkwe amefunikwa na soko, na mtazamaji anapotaka kucheka bado kuna maneno yanakuja. Kwa kuwa mwenye kitu hutajwa baada ya kitu, lugha yenyewe imekuachia nafasi ya kutua kabla ya kumtaja. Pitia skripti na kalamu nyekundu, na kila neno lenye kicheko ulisogeze hadi mwisho. Likifuatiwa na "kwa kweli", "yaani" au "unajua", kata hayo.

Jukwaani, subiri kicheko kifike kileleni, na kianze kushuka, ndipo useme. Ukisema mapema unakizima mwenyewe, na watu wanajifunza kutocheka ili wasikie. Ukingoja kiishe kabisa, ukimya unaingia na lazima uanze kupanda mlima upya. Mbele ya kamera hakuna wa kumsubiri: cheza kwa kasi ya maisha, acha pumzi moja safi kabla na baada ya neno lenye kicheko ili mhariri apate pa kukata, na msipandiane maneno kwenye picha za karibu.

Mwenzako asiyechekesha

Hili halipewi uzito unaostahili. Mchekeshaji anahitaji mtu mzito wa kugongana naye. Tazama Vioja Mahakamani ya KBC: mahakama inabaki mahakama, mashtaka yanasomwa na maswali yanaulizwa kama kesi ya kweli, na ndiyo maana majibu ya mshtakiwa yanawavunja watu mbavu. Ojwang naye alikuwa na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, mke asiyedanganyika kirahisi. Hakimu akianza naye kuchekesha, hakuna tena cha kuogopwa, na mshtakiwa anabaki anaruka ruka peke yake.

Anayecheza mzito ana kazi mbili: kuamini hali iliyopo na kuuliza swali kwa ufupi. Swali refu linamchosha mtazamaji kabla ya jibu. Fanyeni mazoezi mkibadilishana nafasi angalau mara moja, ili mchekeshaji aonje ugumu wa kumpokea mwenzake bila kucheka. Malipo yao yasipishane sana. Jozi nyingi huvunjika hapo, na mhusika huondoka na nusu ya nguvu zake.

Kumjaribu mbele ya watu

Zamani vikundi kama Muungano Cultural Troupe na TOT (Tanzania One Theatre) viliweka vichekesho katikati ya taarab, ngoma na sarakasi, kwa hiyo mwigizaji alipanda mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya kitu kingine. Shule ile ilikuwa ngumu na nzuri. Leo tafuta dakika tano kwenye sherehe, mahafali au tamasha la mtaa. Weka simu mfukoni irekodi sauti, usikilize kesho yake na uandike kicheko kilitokea wapi hasa, si wapi ulikitegemea. Kipande kikishindwa mbele ya hadhira tatu tofauti, kiondoe, hata kama rafiki zako wanakipenda.

Siku ya kurekodi, teki ya kwanza iwe ya skripti ilivyo. Ikishapatikana, mwombe mwongozaji teki moja huru. Usibuni ovyo kwenye picha ya upana, maana utalazimika kurudia kila ulichobuni kwenye picha za karibu, na bakora iliyokuwa mkono wa kulia itahamia kushoto. Mafundi wakicheka, sauti yao inaingia kwenye maiki na teki imeharibika. Fanyeni mazoezi mbele yao mara mbili kabla ya kuwasha kamera, wacheke wamalize.

Mhusika ni mali, mwandikie karatasi

Mwaka 2018, Mzee Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba ya matangazo aliyosaini lilifika hadi kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa. Msanii anayependwa na taifa zima anaweza kuwa na uso unaouza bidhaa kila siku huku yeye alilipwa mara moja tu. Ndiyo maana tunasisitiza mambo haya yaandikwe kabla hujavaa koti la mhusika kwa ajili ya tangazo.

Muda: miezi mingapi, kuanzia tarehe ipi, na malipo gani wakiendelea baada ya hapo. Neno "milele" au "muda wote" lifutwe. Eneo na vyombo: redio, runinga, mabango na mitandao vitajwe kimoja kimoja, pamoja na nchi. Katazo la kufanya kazi na washindani lilipiwe na liwe na mwisho. Malipo ya awali yaingie kabla ya siku ya kurekodi. Kuwe na kifungu cha ugonjwa: nini kinalipwa usipoweza kumaliza kazi. Nakala yenye saini za pande zote ubaki nayo, na kama lugha ya mkataba huielewi, usisaini hadi usomewe na mwanasheria wako, si wao.

Jina la mhusika ni suala la pekee. Hakimiliki hailindi wazo lililo kichwani, inalinda lililowekwa kwenye maandishi au rekodi. Kwa hiyo lile daftari la mwanzo, skripti zako na video zenye tarehe ni ushahidi, na kazi zenyewe zinaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jina kama alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania Bara: usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Ofisi kama hiyo Zanzibar ni BPRA, na Kenya ni KIPI. Kama mko kundi, amueni mapema jina ni la nani na wahusika ni wa nani. Kundi lililojulikana kama Ze Comedy likiwa runinga ya EATV baadaye lilirushwa TBC kwa jina la Orijino Komedi. Waliosalia na watazamaji wao walikuwa wahusika, akina Joti na Masanja, wala si jina la kipindi.

Mwisho, tenga kiasi kwenye kila malipo kwa ajili ya bima ya afya na mchango wa hiari wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia. Fanya hivyo tangu tangazo la kwanza, wakati mvi za mhusika bado ni za kupaka.